Langilangi ya kwenye chupa: harusi tatu, leso moja na kifuniko kinachovuja

Naanza na ubaya ili nimalizane nao: kifuniko kinavuja. Kichupa cha mafuta ya langilangi nilikitia ndani ya mkoba wa kazi pamoja na piko, hina na pini za nywele, nikapanda tuktuk kutoka Kibokoni kwenda Majengo, hapa Mombasa. Hatujafika nusu ya njia, dereva akageuza shingo: "Mama, leo umebeba bibi harusi ndani ya mkoba?" Kufungua, leso yangu ya kufutia mikono imelowa chapachapa, na karibu robo ya mafuta niliyoyanunua kwa shilingi 600 imekwenda na kitambaa. Leso ile nimeshaifua mara nne kwa sabuni ya kipande. Bado inanukia. Juzi mwanangu aliichukua afutie meza, nikamnyang'anya.

Kazi yangu ni kupamba maharusi, na huu ni mwaka wa kumi na saba. Napaka hina na piko, nasinga (nasugua mwili kwa manukato), navika, nasimamia picha, na usiku wa mwisho natandika kitanda na kukitia maua. Asumini, waridi, mrehani, mkadi, kilua, yote yamepita mikononi mwangu, lakini langilangi ndilo ninalolipenda na ndilo linaloniudhi.

Si ua la kutazamwa. Ukiliona mtini utadhani ni jani lililougua: petali sita nyembamba na ndefu, zimejikunja, zinaning'inia. Likiwa changa ni la kijani na hunusi kitu ila ubichi. Likiwiva hugeuka manjano, na ukilipanua katikati utaona doa la wekunduwekundu pale petali zinaposhikana. Bila doa hilo mimi silifungi kwenye kikuba, kile kishada cha maua cha kuvaa kifuani, hata muuzaji aape. Mti wenyewe ni wa ukoo mmoja na mstafeli na mtomoko, jambo ambalo halimshangazi mtu aliyewahi kusahau stafeli lililoiva ndani ya kabati. Asili yake ni visiwa vya huko mashariki, Ufilipino na Indonesia. Jina nalo lilianzia Ufilipino, likasafiri na ua mpaka huku kwetu, tukalitia m- mbele tukapata mti.

Kwenye kikuba, mrehani huleta ubaridi na asumini utamu, lakini anayepita mlangoni na kusimama husimamishwa na langilangi. Tatizo ni kwamba halina subira. Nikikifunga kikuba saa kumi alasiri, saa sita za usiku ncha zimeshakuwa kahawia, na alfajiri ni kama majani ya chai yaliyomwagwa. Zamani haikuwa neno, saa nne za usiku bibi harusi alikuwa ameshaingia ndani. Siku hizi ukumbi ni Nyali, mpiga picha katoka Nairobi, bibi harusi anatolewa saa tano na keki inakatwa saa saba. Mwaka jana mama mmoja alinipigia simu siku ya tatu baada ya harusi kuniuliza kwa nini binti yake kwenye picha ana majani makavu kifuani. Nililipwa pungufu. Na mlangilangi niliokuwa nikichuma, uani kwa jirani, umekatwa, pamesimama ghorofa nne. Sasa nanunua maua kama watu wengine.

Ndipo nikaanza kutafuta mafuta yake.

Duka la kwanza silitaji. Lina vioo, lina taa, lina kijana aliyevaa tai kwenye joto la Machi. Alinipaka mkononi kitu kilichonukia peremende ya ndizi, akaniambia hiyo ni langilangi safi ya Paris. Langilangi halioti Paris. Nilijua hivyo na bado nikanunua, shilingi 1,500, kwa sababu harusi ilikuwa kesho yake na nilikuwa na haraka. Nyumbani nikadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe nikaiweka dirishani. Mafuta ya maua yaliyokenekwa kwa mvuke hupaa, na baada ya siku moja au mbili hubaki alama hafifu tu. Karatasi yangu siku ya tatu ilikuwa kama ile inayofungiwa viazi karai, ukiiinua juu unamwona jirani ng'ambo ya pili. Mafuta ya kukaangia yaliyotiwa harufu! Jaribio hilo lifanyeni nyinyi nyote, halina gharama.

Duka ninalokuja kulizungumzia halina kibao. Ukishika Ndia Kuu, ukaingia kichochoro kimoja cha upande wa baharini, ukakuta mlango wa mbao uliofunguliwa nusu na paka watatu kizingitini, umefika. Wakiwa paka wawili, uliza. Mwenyewe ni mzee wa Kingazija, wa asili ya Komoro, aliyezaliwa hapahapa Mombasa. Namwita ami, kwa sababu yeye na marehemu babangu wakisali safu moja. Hufungua saa nne asubuhi, hufunga adhuhuri, na alasiri hufungua akijisikia. M-Pesa anapokea, lakini kwa simu ya mjukuu, na mjukuu yuko shuleni. Mara mbili nimekwenda na kurudi mikono mitupu. Hayo pia ni malalamiko, yaandikwe.

Ndani mna rafu moja, mizani ndogo ya shaba, na chupa za udi, miski, ambari na waridi ambazo sizigusi hapa kwa sababu ni habari nyingine. Za langilangi zilikuwa nne. Kabla hajafungua hata moja alinitazama buibui langu.

"Umejipulizia nini?"

"Udi kidogo tu, ami."

"Basi nusa kwanza mkono wa buibui lako. Kila ukimaliza chupa moja, rudi unuse hapo. Pua ipate nyumbani."

Nilikuwa nimesikia ya kunusa kahawa, hii nilikuwa sijaisikia. Inafanya kazi vizuri kuliko kahawa.

Halafu akanieleza mambo ambayo nilipaswa kuyajua miaka kumi na saba iliyopita. Huko Komoro, hasa kisiwa cha Nzuwani, mlangilangi hauachwi ukue utakavyo. Ukiachwa unapanda juu kama mnazi. Wanaukata kichwa ungali mdogo na kuyalaza matawi, mpaka mti unakuwa mfupi, umepindapinda kama mzee mwenye baridi yabisi, ili wachumaji, wengi wao wanawake, wafikie maua wakiwa wamesimama chini. Huchuma alfajiri, na ya manjano peke yake. Asubuhi hiyohiyo maua hutiwa kwenye mtungi mkubwa wa shaba, mvuke ukapitishwa, kwa sababu langilangi likilala moja kwa moja huharibika. Hapo nilicheka peke yangu. Kumbe ile simu ya yule mama na haraka ya wale wachumaji vina mzizi mmoja.

Mafuta hayatoki yote kwa mkupuo. Yanayotangulia, ya saa ya kwanza au ya pili, ndiyo mepesi na yenye harufu kali ya ua. Hayo huitwa Ekstra, na ndiyo yanayonunuliwa na watengenezaji wa manukato ya bei. Baadaye hufuata daraja la kwanza, la pili, na la tatu linalotoka mwishoni kabisa, moto ukiwa umewaka mchana na usiku. Kazi nzima huweza kufika saa 20. Kuni zinazoteketea ni nyingi mno, na vilima vya Nzuwani vimelia kwa hilo. Kupata lita moja ya mafuta huhitaji yapata kilo 50 za maua. Mimi nafunga kikuba kwa maua matano au sita. Nilijaribu kupiga hesabu ya vikuba vingapi vimo ndani ya lita, ami akaniambia niache, nitalia.

Chupa zake tatu zilikuwa Ekstra, daraja la kwanza na daraja la tatu. Ya nne ilikuwa kananga ya Java, ndugu wa langilangi, mti ule ule ila wa namna nyingine, wenye harufu nzito na bei ya chini. Wafanyabiashara wengi huimimina ndani ya langilangi wakanyamaza. Yeye ameiandika jina lake kwa wino mweusi. Chupa ile ndiyo iliyonifanya nimwamini, ingawa sikuinunua.

"Nipe Ekstra, ami. Nusu tola."

"Ya kumpaka bibi harusi au ya kutia kitanda?"

"Vyote."

"Basi wanipa pesa zako bure. Ekstra yaingia kwa vigelegele, kisha yaenda zake. Ya tatu ndiyo yasaliayo kuosha vyombo."

Nilibishana naye. Ekstra ndiyo bora, jina lenyewe linasema, na mtu wa harusi hanunui daraja la tatu. Mwisho tukaafikiana: robo tola ya Ekstra kwa shilingi 900, na nusu tola ya daraja la tatu kwa shilingi 600. Tola, kwa asiyejua, ni kama gramu 12. Robo yake ni kidogo cha kutia huruma, na chupa anayokutilia ni nyembamba kama kidole cha mwisho.

Sasa niseme nilivyoyapima. Siku ya kwanza nilijipaka mimi, mkono wa kulia Ekstra, wa kushoto ya tatu, yote yamezimuliwa kwa mafuta ya nazi, baada tu ya kusali adhuhuri.

Ekstra, dakika za mwanzo, ilinistua. Inapiga kama dawa ya kuchua misuli, na nyuma yake kuna mpira mpya, kama ndani ya duka la viatu. Ningekuwa sijaambiwa, ningeirudisha. Baada ya hapo inakuja ndizi mbivu, lakini ndizi ya kweli, yenye ganda, na ndipo taratibu ua linajitokeza, na likitokea ni lenyewe: kikuba cha saa kumi na mbili jioni, kabla hakijapata jasho. Nililisikia vizuri mpaka baada ya alasiri. Magharibi ilibidi niguse mkono puani. Isha, hakuna kitu.

Mkono wa kushoto ulianza kwa aibu. Harufu ya ubao wa kabati la nguo za Idi, utamu kwa mbali, ua lipo lakini limekaa chumba cha ndani. Mwanangu alinusa akasema "hii haina kitu". Ilipofika isha, mkono wa kulia umekufa, wa kushoto ulikuwa umepata joto na umelainika, na asubuhi mto wangu ulikuwa ukinukia. Ami alikuwa amesema kweli na mimi nilikuwa nimebisha bure.

Harusi ya kwanza, ile ya Majengo ya mkoba uliolowa, nilitumia sehemu ya kilichobaki kwenye leso za kufungia zawadi na mashuka. Wifi wa bibi harusi alinifuata jikoni kuniuliza maua nimeyaficha wapi, mbona hayaonekani.

Ya pili ilikuwa Likoni. Siku hiyo nilifanya jambo ambalo sasa ndilo ninalolifanya kila mara. Kikuba nilikifunga kwa maua mabichi kama kawaida, lakini uzi niliutia daraja la tatu kwanza nikauacha ukauke. Tulivuka feri kwenye jua kali, maua yakaanza kulegea kabla hatujashuka, nikajua leo tena nitapigiwa simu. Saa saba za usiku maua yalikuwa yamekufa na uzi ulikuwa hai. Kwenye picha nilimgeuza bibi harusi kidogo upande wa mkono, lakini aliyemkumbatia hakujua lolote. Jambo jingine nililoliona huko: mashuka yaliyotiwa mafuta haya kisha yakafukizwa udi kwenye chetezo hutoa kitu ambacho udi peke yake hautoi. Udi mkali unatulizwa, langilangi linapata uzito. Usiyadondoshe mafuta kwenye makaa, yanaungua na kunuka vibaya. Fukiza udi kwanza, tia mafuta baadaye kwenye pindo.

Ya tatu, Kisauni, niliharibu mwenyewe. Mafuta yalinifurahisha mno, nikatia matone kama kumi na tano kwenye mto, pazia na neti. Chumba kidogo, dirisha moja, mwezi wa Februari. Bibi harusi aliingia, akakaa dakika kumi, akashika kichwa. Mama mkwe alifungua dirisha bila kunitazama, na kutotazamwa na mama mkwe wa mtu mbele ya wanawake arubaini ni adhabu inayotosha. Langilangi likizidi linaumiza kichwa, hilo ni jambo linalojulikana, na mimi nililijua kwa ua ila nilisahau kwamba chupa ni maua mengi. Ngozi nayo ina wenye kudhurika nalo. Msichana anayenisaidia alijipaka bila kuzimua shingoni akatokwa na vipele vya siku mbili. Kwa hiyo: mililita 10 za mafuta ya nazi au ya lozi, matone mawili, basi. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, subiri mpaka kesho. Kitandani matone matatu, kwenye nguo na si kwenye mto.

Nilimpelekea kichupa cha daraja la tatu yule bibi ninayenunua kwake vikuba siku ambazo sipati wakati wa kufunga mwenyewe. Huyu anauza maua tangu mimi sijazaliwa, na nilitaka kauli yake kuliko ya mtu yeyote. Alinusa akiwa amefumba macho. Akanusa tena. "Ni lenyewe," akasema, "ila limezeeka." Halafu akaniomba nimwachie kidogo.

Kuna bibi harusi mmoja, simtaji, aliyekuja kuolewa hapa akitokea Ulaya. Alikikataa kikuba, akaniambia harufu hizo ni za kizamani, yeye anatumia Chanel No. 5. Sikumjibu siku hiyo. Nilimjibu siku ya singo, nikiwa nimeishika miguu yake hawezi kukimbia: manukato yale yalitoka mwaka 1921, yakatengenezwa na Ernest Beaux, na ndani yake, pamoja na waridi na asumini, mna langilangi. Alivaa vikuba viwili.

Basi nunueni nini? Kama ni ya kujitia mwenyewe kabla ya kutoka, jambo la saa mbili tatu, Ekstra ni tamu na inafaa, lakini vumilia zile dakika za duka la viatu, na usimsogelee mtu mpaka zipite. Kama ni ya nguo, leso, kitanda, uzi wa kikuba, usimwage pesa, chukua ya tatu. Daraja la kwanza nimelinusa dukani tu, lipo katikati kwa kila kitu, na mimi vitu vya katikati havinivutii. Duka nampa ami nyota nne kati ya tano. Ya tano imevujia kwenye leso yangu.

Wiki iliyopita nilirudi kununua tena, safari hii na chupa yangu mwenyewe, ya kioo cheusi, kifuniko cha kusokota chenye mpira ndani, niliyoinunua Biashara Street shilingi 50. Ami aliijaza, akaifunga, akaipindua kichwa chini juu ya karatasi akangoja. Hakikutoka hata kitone. Akaipindua tena. Akaniuliza nimeipata duka gani, akamwita mjukuu, akamtuma dazeni mbili.